Amplifaya ya valvu na spika zisizoendana: soma dalili kabla hujanunua chochote

Kitu cha kwanza watu wengi wanachofanya amplifaya ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) ikianza kusumbua ni kwenda kununua valvu mpya. Mtu anachomoa za zamani, anachomeka zenye jina, wiki ya kwanza anajiaminisha sauti imefunguka, wiki ya pili malalamiko ni yale yale, besi imevimba, ngoma zinapasuka, muziki hauna pumzi. Mi naona valvu zinasingiziwa sana. Mara nyingi amplifaya ni nzima na spika ni nzima, ugonjwa uko pale zinapokutana, kwenye zile terminali za nyuma zilizoandikwa 4, 8 na 16 (ni omu, kipimo cha upinzani wa umeme), kwaiyo ukipima kimoja kimoja hutauona.

Sababu yenyewe ni hii. Amplifaya ya transista ya kawaida ina impidansi ndogo sana ya kutokea, yaani ule upinzani wa ndani ambao spika inakutana nao unakaribia sifuri, kwaiyo we funga spika ya aina gani volti zinabaki karibu zile zile. Ya valvu inapitisha umeme kwenye transfoma, na upinzani wake wa ndani mara nyingi ni nusu omu, omu moja, mbili, na zile za valvu moja kila upande zisizo na fidbeki (sehemu ya sauti ya kutokea kurudishwa ndani ili amplifaya ijisahihishe) zinaweza kufika hata omu 3. Spika nayo siyo omu 8 kama ilivyoandikwa, hiyo 8 ni jina tu, ukweli ni kwamba inapanda na kushuka kutegemea noti, inaweza kuwa 5 kwenye sauti za kati na 30 huko kwenye besi. Sasa hivo viwili vikikutana spika inaanza kuamua yenyewe noti gani ipate umeme mwingi na ipi inyimwe. Ndo maana spika iliyokuwa inaimba vizuri kwenye transista inaweza kubadilika tabia kabisa ukiihamishia kwenye valvu, na hakuna kitu kilichokufa.

Kabla hujagusa

Mawili tu, ila haya hayana mjadala. Moja, usiwashe amplifaya ya valvu bila spika au rezista ya mzigo kwenye terminali. Transista ikikosa spika inakaa kimya tu haina shida, valvu ikikosa mzigo halafu muziki unapita, volti upande wa ndani wa transfoma zinaruka juu mno, cheche zinaweza kupiga kwenye soketi ya valvu au insulesheni ya transfoma ikatoboka, na transfoma ya kutokea ndo kitu cha kuumiza mfuko kuliko vyote humo ndani. Kwaiyo kila ukitaka kuhamisha waya, zima kwanza. Mbili, ndani kuna volti 300 mpaka 500 za DC na kapasita zinaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa plagi. Vipimo vyote nitakavyovitaja hapa vinafanyika nje, kwenye terminali za spika, hakuna haja ya kufungua kifuniko.

Sauti inapasuka au inabanwa ukiongeza kidogo tu

Hii ndo dalili inayoongoza, na jibu linalotolewa kila mahali ni "wati zako ni chache". Inaweza kuwa kweli, ila kwanza hakikisha ni wati. Amplifaya ikiishiwa nguvu, mkwaruzo unakuja pale ngoma kubwa au besi inapopiga na unachafua kila kitu kwa wakati mmoja, hata sauti ya mwimbaji inatetemeka. Valvu zikiishiwa hazikatiki kwa ukali kama transista, zinalainisha, kwaiyo mtu mwingine hasikii mkwaruzo kabisa, anachosikia ni muziki uliobanwa, anazungusha volyumu na haupandi, unanenepa tu. Kama mkwaruzo uko kwenye noti moja tu, mfano noti flani ya gitaa la besi, angalia skrubu za wufa (ile spika ya besi), boksi au hata kitu kilicho juu ya kabati. Kama unakwaruza hata kwa sauti ya chini kabisa, hapo ndo valvu au bayasi (volti inayopanga valvu ipitishe umeme kiasi gani) inastahili kushukiwa.

Sasa tufanye hesabu. Chukua amplifaya yenye valvu moja ya 300B kila upande, hiyo inatoa karibu wati 8. Spika ina sensitiviti ya desibeli 87, yaani ukiipa wati 1 unapata 87 ukiwa mita 1 mbele yake. Wati 8 inaongeza desibeli 9, kwaiyo 96. Ukikaa mita 3 unapoteza kama 9 hivi, ukutani zinarudi kidogo, spika ya pili inaongeza 3, unaangukia kwenye 90 au zaidi kidogo. Inaonekana ni kubwa, lakini hiyo ni kilele. Muziki uliorekodiwa vizuri una vilele vinavyozidi wastani kwa desibeli 15, okestra hata 20, kwaiyo wastani wako ni 75 au 70. Kwa mtu anayesikiliza sauti ya mwanamke na piano jioni inamtosha kabisa, kwa anayetaka bendi nzima ikae sebuleni haitoshi, na hapo hakuna valvu ya bei yoyote itakayosaidia.

Na hapa ndo watu wanakosea dawa, wanatafuta amplifaya ya wati 16. Kuzidisha wati mara mbili ni desibeli 3 tu, utasikia tofauti ila ndogo. Ukibadilisha spika kutoka 87 kwenda 97 umeongeza desibeli 10, ni sawa na kubeba amplifaya ya wati 80. Hesabu hii haina huruma. Pia kuna mtego kwenye karatasi za spika, nyingi zinaandika sensitiviti kwa volti 2.83 badala ya wati 1. Kwenye omu 8 ni kitu kimoja, volti 2.83 ni wati 1 kamili, ila kwenye spika ya omu 4 hizo volti ni wati 2, kwaiyo ile 90 iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwako we wa valvu ni 87.

Kuna namna ya kujua unahitaji wati ngapi bila kubahatisha, na mi napenda hii kuliko hesabu zote za karatasini. Weka muziki wako ule unaoupenda kwa sauti ya juu kabisa ambayo huwa unafika, siyo ya kuonyesha wageni, ile ya kweli. Usiguse tena volyumu. Simamisha muziki, halafu kwenye chanzo kile kile cheza toni iliyorekodiwa desibeli 12 chini ya kiwango cha juu, iwe kati ya 100 na 400 Hz kwa sababu maltimita nyingi za kawaida hazisomi vizuri juu ya hapo. Pima volti za AC kwenye terminali za spika. Vilele vya muziki vinaweza kufika mara nne ya hizo volti. Ukisoma volti 1, zidisha kwa 4 unapata 4, zidisha yenyewe kwa yenyewe ni 16, gawa kwa omu 8, wati 2. Wengi wakipima wanashangaa, aliyekuwa anawaza wati 60 anakuta anatumia 3, na hapo anajua kabisa kupasuka kwake hakutokani na wati. Ikitokea umesoma volti 3, basi vilele vyako ni 12, wati 18, na amplifaya ya wati 8 haina namna ya kukufikisha huko.

Kama wati kweli hazitoshi, anza na vya bure. Zima kitufe cha besi au laudnesi, maana kuongeza besi kwa desibeli 6 ni kudai wati mara nne pale pale ambapo transfoma ndogo inateseka zaidi, kwa sababu chuma cha transfoma kinashiba mapema kwenye noti za chini, amplifaya inayotoa wati 8 kwenye 1000 Hz inaweza isifike hata nusu yake kwenye 25 Hz. Sogeza kiti, toka mita 3 mpaka mita 1 na nusu unarudisha desibeli 4 au 5. Na kama una sabwufa yenye amplifaya yake, iachie besi: unaweka kapasita moja kwa mfululizo kwenye mlango wa kuingilia wa amplifaya ya valvu, ile ya kuingilia ikiwa ni kilo-omu 100 kapasita ya nanofaradi 22 inaanza kukata kwenye 72 Hz hivi, na ghafla amplifaya ndogo inapumua. Hii ndo njia ninayoipendekeza kwa mtu ambaye spika zake anazipenda na hataki kuziacha.

Besi imevimba, nzito, inachelewa kusimama

Noti moja ya besi inaziba nyingine zote, gitaa la besi linasikika kama noti mbili tu zinazojirudia. Watu wanasema "ndo sauti ya valvu hiyo, ina joto". Siyo joto, ni impidansi.

Wufa ikiwa karibu na mlio wake wa asili ndani ya boksi, impidansi yake inapaa. Boksi lililofungwa lina kilima kimoja, boksi lenye tundu lina vilima viwili. Chukua spika inayofika omu 30 kwenye kilima na kushuka mpaka 4 kwenye sauti za kati, ifunge kwenye amplifaya yenye upinzani wa ndani wa omu 2.5. Kwenye kilima spika inapata 30 kati ya 32.5, yaani karibu volti zote. Kwenye bonde inapata 4 kati ya 6.5, asilimia 62 hivi. Tofauti yake ni desibeli 3.5. Amplifaya imejitengenezea ikwalaiza bila kukuuliza, na imepandisha noti zile zile ambazo wufa nayo haiwezi kujizuia. Juu ya hapo, koni ya wufa ni kama mtoto kwenye bembea, ukiacha kusukuma haisimami papo hapo, inategemea amplifaya iishike, na amplifaya yenye upinzani mkubwa wa ndani mkono wake ni mlegevu.

Tiba ya kwanza ni kuhamisha waya kutoka terminali ya 8 kwenda ya 4, spika ikiwa ni ya omu 8. Ndio, hata kama spika imeandikwa 8. Kwenye terminali ya 4 upinzani wa ndani unakuwa karibu nusu, ile 2.5 inakuwa 1.25, uvimbe unapungua wazi, valvu zinaona mzigo mwepesi na mkwaruzo unashuka, unachopoteza ni sehemu ya wati za mwisho. Haina hatari yoyote. Ila ukilinganisha kuwa makini, terminali ya 4 inatoa volti chache, sauti inashuka desibeli 2 mpaka 3, na sikio letu linapenda kilicho juu, utaihukumu terminali ya 4 kuwa imepoa wakati imeshuka sauti tu. Pandisha volyumu mpaka toni ile ile isome volti sawa kwenye maltimita ndo ulinganishe. Ukiruka hatua hii bora usilinganishe kabisa.

Tiba ya pili, sogeza spika mbali na ukuta wa nyuma na kona. Tiba ya tatu kwa maboksi yenye tundu, ziba tundu kwa sponji au hata soksi, boksi linakaribia kuwa lililofungwa, besi inashuka mapema lakini kwa upole, na kwenye amplifaya ya valvu hasara hiyo inafidiwa na ule upandaji niliousema, mara nyingi inaangukia pazuri.

Kuna ushauri unazunguka kila kona, kwamba ufunge rezista ya omu 20 sambamba na spika ili "kunyoosha" impidansi. Pigeni hesabu wakuu. Upinzani wa ndani wa omu 2 ukiwa sambamba na omu 20 unakuwa 1.8. Umebadilisha kutoka 2 kwenda 1.8, umechoma wati zako kwenye rezista inayopata moto, na bonde la spika limeshuka zaidi. Terminali ya 4 inakupa kutoka 2 kwenda 1 bila kununua chochote.

Kama unataka kujua upinzani wa ndani wa amplifaya yako wakati karatasi haisemi, chukua rezista mbili za omu 8 zenye uwezo wa wati 10 au zaidi. Fungia moja kwenye terminali ya 8, cheza toni ya 200 Hz hivi, weka volti 2 kamili. Zima, funga zote mbili kwa mfululizo iwe 16, washa tena bila kugusa volyumu, soma. Tuseme imekuwa 2.22. Volti zimeongezeka 0.22. Ampea zilikuwa 2 gawa kwa 8, yaani 0.25, sasa ni 2.22 gawa kwa 16, yaani 0.14, zimepungua 0.11. Gawa 0.22 kwa 0.11, upinzani wa ndani ni omu 2. Chini ya 1 una uhuru wa kuchagua spika nyingi, juu ya 2 inabidi uchague kwa macho makali.

Na waya wa spika nao utauacha salama. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba wa mita 10 kwenda na 10 kurudi ni omu 0.23. Mbele ya amplifaya yenye omu 2 tayari hiyo haibadilishi habari, kwaiyo ukiambiwa besi itakaza ukinunua waya mnene kama kidole, tabasamu tu uendelee.

Sauti za kati zinapiga kelele, au trebo imezimika

Kanuni ni ile ile, imehamia juu tu. Spika nyingi za njia mbili zina kilima kingine pale krosova inapokabidhi kazi kutoka wufa kwenda twita (spika ndogo ya noti za juu), kwenye 1000 mpaka 3000 Hz. Amplifaya yenye upinzani mkubwa inapandisha eneo hilo, na hapo ndo sikio letu lina ukali, kwaiyo desibeli 2 tu inatosha mwimbaji akawa anakurukia usoni. Jaribu terminali ya chini kwanza. Ikibaki, fundi anaweza kuweka mtandao wa rezista, koili na kapasita sambamba na spika wa kusawazisha kilima hicho, ila lazima upimwe kwa spika hiyo hiyo, usinakili thamani za spika ya mwingine.

Trebo ikizimika, tazama kama spika yako impidansi inaporomoka huko juu. Spika za umemetuli (zinazotumia utando mwembamba wenye volti badala ya koni) ndo tabia yao. Quad ESL ya mwaka 1957 aliyoibuni Peter Walker iko juu sana kwenye besi halafu inashuka mpaka karibu na omu 2 huko mwisho wa trebo, na kiwanda chenyewe kiliiendesha kwa amplifaya yake ya Quad II ya wati 15 yenye fidbeki. Ukiipa amplifaya ya valvu moja isiyo na fidbeki yenye omu 3, noti za juu kabisa zinaliwa na upinzani wa ndani kabla hazijafika. Kubadilisha valvu ya mbele ili "ing'ae" ni kupaka rangi ukuta wenye unyevu.

Amplifaya inachemka, valvu inawaka wekundu

Tofautisha. Ule mwanga wa chungwa katikati ya valvu ni hita, ni kawaida. Bati kubwa la kijivu linalozunguka likianza kuwa jekundu, zima hapo hapo, usisubiri wimbo uishe. Kisha chomoa plagi uulize mambo mawili. Je, wekundu unakuja hata bila muziki? Hiyo ni bayasi, valvu iliyochoka au kapasita inayovujisha ndani, peleka kwa fundi, spika haihusiki. Je, unakuja tu ukipiga kwa nguvu? Angalia mzigo. Spika ya omu 4 kwenye terminali ya 8 inafanya valvu zione nusu ya mzigo ziliopangiwa, hazifi siku hiyo ila mkwaruzo unapanda, wati zinashuka na joto linaongezeka. Jozi mbili za spika za omu 8 zilizofungwa sambamba ni omu 4, ziende terminali ya 4. Jozi mbili za omu 4 sambamba ni omu 2, na hiyo haina terminali yake, achana nayo. Angalia pia nyuzi za waya zilizochomoza na kugusana kati ya nyekundu na nyeusi, ni jambo la kijinga na linatokea kila siku.

Spika mpya, mvumo mpya

Umesikia ushauri, umenunua spika za honi za desibeli 104, umewasha, na sasa kuna mmmmm ambao haukuwepo. Ulikuwepo, spika ya zamani ilikuwa haikusimulii. Amplifaya yenye mvumo wa milivolti 3 kwenye terminali, spika ya 87 inautoa kwa desibeli 27 hivi ukiwa mita 1, chumba chochote kinaumeza. Spika ya 104 inautoa kwa 44, usiku utausikia ukiwa kwenye kiti.

Chomoa nyaya zote za kuingilia, weka plagi za kufupisha (zinazounganisha ncha mbili za mlango wa kuingilia). Mvumo ukiisha, unatoka nje, kwenye mzunguko wa athi kati ya vifaa au nyaya zilizopita karibu na transfoma. Ukibaki, sikiliza mlio wake. Ukiwa mnene wa chini kabisa, 50 au 60 Hz kulingana na umeme wa huko uliko, ni hita au sumaku ya transfoma, na amplifaya za 300B na 2A3 zinazowasha hita kwa AC zina kile kiskrubu cha kusawazisha mvumo, kizungushe taratibu mpaka pale unaposikika kidogo zaidi. Ukiwa wa juu zaidi wenye ukali, 100 au 120 Hz, ni kapasita za pawa zimechoka, au kwenye pushi-puli (amplifaya ya valvu mbili zinazopokezana kazi) ni valvu mbili zisizolingana. Ukiwa shhhh badala ya mmmm, badilishana valvu ndogo za mbele kulia na kushoto, kelele ikihama nayo umeshaijua.

Kilichobaki baada ya hapo, kama bado kinakukera, kinapunguzwa kwa rezista mbili kabla ya spika: kwa spika ya omu 8, omu 4 kwa mfululizo na omu 8 sambamba na spika, unashusha desibeli 6 za kila kitu, mvumo na muziki. Kwenye spika ya 104 huhitaji hizo wati, haziumi. Ila jua umeongeza upinzani anaouona wufa, ukiwa na amplifaya ya omu 2 sasa inaonekana kama 3.4, na yale ya besi kuvimba yanaweza kurudi.

Wufa inacheza lakini hakuna sauti

Koni inaingia na kutoka polepole ukiweka santuri. Ni sahani iliyopinda au mkono wa sindano, milio iliyo chini ya 15 Hz, na boksi lenye tundu haliishiki koni huko chini. Transfoma inashibishwa na kitu usichokisikia, muziki unachafuka. Kichujio cha milio ya chini kwenye fono (kile kikuza sauti cha santuri) kinamaliza. Ikitokea hata kwenye simu au CD, basi ni ndani ya amplifaya.

Upande mmoja umelala

Badilishana nyaya za spika kulia na kushoto, amplifaya ikiwa imezimwa. Ulegevu ukihama ni spika. Usipohama badilishana nyaya za kuingilia, kisha valvu ndogo, kisha kubwa, kimoja kwa wakati, na bayasi uiangalie kila ukigusa kubwa. Angalia pia kama kulia umefunga 8 na kushoto 4, maana tofauti ya desibeli 3 inatosha kumhamisha mwimbaji.

Kama bado hujanunua spika

Ombeni mchoro wa impidansi, siyo namba moja. Kiwango cha kimataifa cha IEC kinataka spika isishuke chini ya asilimia 80 ya omu iliyoandikwa, yaani ya omu 8 isipite chini ya 6.4, na viwanda vingi havijali, utakuta "omu 8" inayogusa 3.5. Mi natafuta isiyoshuka chini ya 6, na vilima visivyozidi mara tatu nne ya bonde. Sensitiviti inakuja baada ya hapo, tofauti na watu wanavyodhani. LS3/5a, ile spika ndogo ya BBC, ni desibeli 83 tu, lakini ya mwanzo ilikuwa omu 15, mzigo mwepesi, na mpaka leo watu wanaisikiliza kwa valvu wakiwa wamekaa karibu, chumba kidogo, bila shida. Klipschorn, ile honi ya kona ya mwaka 1946, iko upande mwingine kabisa, zaidi ya 100, wati 3.5 za 2A3 zinaijaza nyumba. Inayokuwa ngumu kweli ni ile ya desibeli 85, omu 4 zinazoshuka mpaka 3, wufa nne ndogo kwenye mnara mwembamba wa kupendeza. Hiyo iachie transista.

Na ukikuta za zamani zisizo na maandishi, weka maltimita kwenye terminali, soma omu za DC. Ukiona 10 mpaka 13 ni ya 16, 5.5 mpaka 7 ni ya 8, 3 mpaka 3.7 ni ya 4. Anza na terminali inayolingana, kisha jaribu iliyo chini yake. Ikisoma chini ya 2.5, au haisomi kabisa, usiiunganishe mpaka boksi lifunguliwe, inaweza kuwa wufa mbili sambamba au waya umekatika ndani, na huo wa pili ndo ule mzigo usiokuwepo unaoua transfoma.